Mita Arobaini na Nne

Jumanne, 1 Aprili 2025
Kitabu hiki nimepewa na Jignesh, injinia wetu. Kila siku niandike kama mvua imenyesha, na zege likishamwagwa niandike limenyweshwa maji mara ngapi. Amenichagua kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Nilifika kidato cha pili, nikaachia hapo. Nikamuuliza, "Na nikiwa na la ziada?" Akasema, "Kurasa ni zako, Okoth. Mimi nataka mvua tu."
Mvua hakuna. Tunachimba.

Jumatano, 2 Aprili
Mvua hakuna. Mgongo unauma.

Alhamisi, 3 Aprili
Mvua hakuna. Leo nimefanya kosa, naliandika kama lilivyokuwa.
Tuko juu ya kilima, mwendo wa saa moja na zaidi kwa miguu kutoka Vitengeni. Hapa utasimama mnara wa simu wa mita arobaini. Kibali cha kuchimba na kumwaga msingi tunacho. Cha kusimamisha chuma kinangoja mkaguzi wa kaunti, atakayekuja mvua zikipungua. Sharti kubwa ni moja: pasiwe na makazi ya watu ndani ya urefu wa mnara na sehemu ya kumi juu yake. Yaani mita arobaini na nne. Mnara ukianguka, uanguke bila kumkuta mtu.
Makazi ya karibu ni ya bibi mmoja, Hawe Pola. Huku hawe ni nyanya. Nyumba yake iliporomoka mvua za mwaka jana, sasa analala kwenye banda lililokuwa la mbuzi na kupika nje, chini ya kipaa cha makuti. Ngala, msimamizi wetu, akataka tupime kutoka katikati ya msingi hadi pale. Yeye alisimama kwenye shimo, mimi nikavuta tepu. Tepu ni ya mita thelathini. Ilipoisha nikaona nguzo tatu za mti mkavu zimesimama kwenye majani, za kijivu, moja ndefu na mbili fupi. Nikadhani ni mabaki ya ua. Nikakizungusha kitanzi cha tepu penye ile ndefu, pale mti ulipokuwa mwembamba, nikamwita Ngala aje tupime kipande kilichobaki.
Ngala hakuja. Alisimama mbali, kofia mkononi.
Bibi akatoka bandani, anatembea polepole, hana hasira.
"Mwanangu, umemshika mzee shingo."
Ndipo nikatazama. Ile nguzo ilikuwa na kichwa cha mviringo, na mabega, na kifuani imechongwa pembetatu ndogondogo, safu kwa safu. Shingoni imefungwa vitambaa, kimoja chekundu, kimoja cheupe, na tepu yangu.
"Shikamoo, Hawe. Sikujua."
"Marahaba. Huyu ni mume wangu, Thoya. Hao wafupi ni ndugu zake. Mtoe polepole, usimkwaruze."
Nikamtoa. Akanitazama sana, akasema, "Wewe si wa huku."
"Natoka Ugenya, Hawe. Mbali."
"Basi ushamshika. Mmeshajuana."
Kipande kilichobaki kilikuwa mita kumi na sita. Jumla arobaini na sita. Ngala akafurahi, maana tumevuka sharti kwa mita mbili.

Ijumaa, 4 Aprili
Mvua hakuna. Nyale, kijana wa Vitengeni tunayechimba naye, amenieleza kwamba zile ni vigango. Huchongwa kwa ajili ya mzee mkubwa aliyekufa, naye akishasimamishwa hang'olewi. Watu wakihama, wanahama wao, kigango kinabaki.
Nikamwambia Ngala kwamba barabara ya lori, kwa mujibu wa ramani, inapita pale pale. Akasema, "Sheria inahesabu shule, inahesabu hospitali, inahesabu nyumba. Mti hauhesabiki." Ngala ni mtu wa Rabai na mwimbaji wa kwaya. Anacheka mambo haya. Lakini nimemwangalia siku mbili hizi: akipita penye zile nguzo, kofia hutoka kichwani.

Jumatatu, 7 Aprili
Manyunyu asubuhi. Tumesimamisha ubao wa tangazo. Siku thelathini, mwenye pingamizi aandike. Hawe Pola akaja kuuangalia, akaupapasa kwa kiganja kama mtu anayepima joto la mtoto. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea wote, hata namba za kumbukumbu. Nilipofika kwenye sharti akaniambia nirudie.
"'Makazi yatapimwa kuanzia ukuta au jiko, lolote lililo karibu zaidi na mnara.'"
"Jiko?"
"Ndiyo, Hawe. Jiko."
"Na Thoya wameandika wapi?"
Nikapitia tena mistari yote. Nikamwambia hayumo.
"Hayumo," akasema. Akaenda zake, anatikisa kichwa kama aliyeambiwa bei ya kitu.

Jumanne, 8 Aprili
Mvua saa nzima. Shimo limejaa. Tumechota siku nzima.

Alhamisi, 10 Aprili
Mvua hakuna. Nimegundua penye mtandao. Kilima chote hakina, ndiyo maana tunajenga. Lakini saa sita mchana, ukisimama karibu na vigango, kijiti kimoja kinatokea kwenye simu. Nikampigia mke wangu Linet. Miezi kumi na nne hatujaonana. Hata baba yangu alizikwa nikiwa Mariakani nabeba simiti, sikutupa udongo. Tukaongea habari za mahindi na watoto. Halafu akaniuliza, "Uko na nani hapo?"
"Niko peke yangu."
"Kuna mzee anakohoa."
Nikageuka. Jua lilikuwa limesimama utosini, hata kivuli changu sikukiona. Majani, nguzo tatu, basi. Nikamwambia ni upepo. Hapakuwa na upepo.

Jumamosi, 12 Aprili
Mvua hakuna. Tunasuka nondo. Sikupiga simu.

Jumatatu, 14 Aprili
Zege limemwagwa, tangu alfajiri hadi saa kumi jioni. Mikono imechubuka kwa simiti. Mvua ilitungoja tumalize ndipo ikanyesha.

Jumatano, 16 Aprili
Mvua ndogo. Zege limenyweshwa mara tatu.
Saa sita nilikuwa namwagilia nikamwona Hawe anasukuma jiwe kwa mguu. Jiko lake ni mafiga matatu. Alilisukuma moja hatua kama mbili upande wetu, akapumzika, akarudi kuchukua la pili. Nikaenda kumsaidia, nikidhani anakimbia maji ya mvua.
"La," akasema. "Uache. Mafiga ya mwanamke hayasogezwi na mwanamume."
"Unayapeleka wapi, Hawe?"
Akacheka. Meno yake yamebaki machache, na kicheko chake ni cha msichana.
"Si ulinisomea wewe mwenyewe? Aliye hai anahesabiwa. Basi nakwenda kukaa na asiyehesabiwa."

Ndipo nikaelewa nilichofanya kwa kusoma ule ubao.

Ijumaa, 18 Aprili
Ijumaa Kuu, hatukufanya kazi. Mvua tangu asubuhi hadi jioni.

Jumanne, 22 Aprili
Mvua hakuna. Ngala ameona. Akachukua tepu akapima mwenyewe, akinikwepa macho. Jiko liko mita arobaini na moja.
"Nani alimweleza bibi huyu habari za jiko?"
Nyale akasema, "Labda amesoma ubao."
"Bibi hajui kusoma!"
"Basi amepigiwa simu kutoka kuzimu. Huko mtandao ni wa bure." Wote wakacheka, isipokuwa mimi na Ngala.
Ngala akayarudisha mafiga mwenyewe, moja moja, hadi pale yalipokuwa. Hawe alikaa kwenye kigoda akimtazama. Alipomaliza akamwambia, "Ahsante, mwanangu. Umenipumzisha. Kesho nitaanza na nguvu mpya."

Jumatano, 23 Aprili
Mvua hakuna. Mafiga yako mita thelathini na tisa.

Alhamisi, 24 Aprili
Ngala ameyarudisha.

Ijumaa, 25 Aprili
Mvua kubwa. Mafiga yako mita thelathini na nane. Zege limenyweshwa na Mungu.

Jumatatu, 28 Aprili
Mawingu. Kiponda amekuja kutoka Muyeye, ndiye mtoto wa Hawe aliyebaki. Ndiye aliyetia saini kukodisha kiwanja. Nilimtarajia mtu mbaya. Ni mtu wa kawaida, fundi wa baiskeli, viatu vimepasuka. Waliongea karibu na pale nilipokuwa namwagilia zege, nikasikia yote.
"Mama, mkaza mwana wa jirani alijifungulia njiani mwaka jana, hakuna aliyeweza kupiga simu. Unakumbuka mtoto yule?"
"Nakumbuka. Nilimwosha mimi."
"Basi kwa nini unazuia?"
"Sizuii simu. Waweke kule ng'ambo, kilima si ni kirefu? Mimi nazuia lori lisipite juu ya baba yako."
"Baba tutamchongea kingine, kidogo, tumweke Muyeye."
"Muyeye wapi? Kwenye veranda, na baiskeli?"
Kiponda akacheka bila kutaka, kisha akajifuta uso. Kabla ya kuondoka alisimama mbele ya kile kirefu. Hakukigusa. Akakohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi.
Nami ninataka mnara huu, nisidanganye. Nataka kumpigia Linet bila kusimama pale.

Ijumaa, 2 Mei
Mvua hakuna. Jignesh alipokuja nikamwambia yote: vigango, jiko, barabara. Akasema, "Bibi yangu Labhuben, Malindi, ana kijiwe cha ibada kwenye kona ya duka. Mafundi wa sakafu walikizunguka, hakuna aliyekisogeza." Nikadhani ataamua. Lakini akasema ramani imepita mezani kwa wakubwa, hawezi kuibadilisha kwa maneno. Atakachosema mkaguzi ndicho kitakachofuatwa. "Andika mvua, Okoth."

Jumatatu, 5 Mei
Mvua. Mvua. Mvua.

Jumatano, 7 Mei
Mvua hakuna asubuhi. Siku thelathini zimeisha. Hakuna pingamizi lililoandikwa. Kiponda hakuandika, na Hawe hajui kuandika. Mimi najua kuandika. Nimelitazama neno hilo muda mrefu na sikulifuta.

Ijumaa, 9 Mei
Hawe anaumwa. Nilimkuta amelala kando ya jiko, moto unawaka, kifua kinapiga kelele kama mfuko wa mawe. Gari la Jignesh lilikuwepo kwa bahati. Tukampakia kwenda Vitengeni, na kutoka huko watampeleka Kilifi. Kabla hatujamwinua alinishika mkono. Mkono wake ni mwepesi kama kifaranga.
"Okoth. Moto usizimike."
"Nitauangalia, Hawe."
"Pika hapo hapo chakula chako. Cha kwanza, kabla hujala, mmwagie mzee kidogo. Uji, chai, chochote. Yeye hachagui. Na usiyasogeze mafiga."
"Siyasogezi."
"Wewe usiyasogeze," akasema tena.
Gari lilipoondoka nilipima. Thelathini na sita.

Jumamosi, 10 Mei
Mvua hakuna. Nimepika ugali kwenye jiko la Hawe. Nimemwagia chai kile kirefu, halafu wale wafupi, nikaona haya, kwa kuwa baba yangu mwenyewe sijammwagia hata maji. Nyale akasema, "Ndugu yangu, umeolewa." Ngala amefurahi kwamba bibi hayupo. Nilimwona anahesabu siku kwa vidole.

Jumapili, 11 Mei
Mvua usiku. Moto haukuzimika: nilikuwa nimeuhamishia kipaa cha makuti, na hakivuji.

Jumatatu, 12 Mei
Mvua hakuna. Saa sita nilipomaliza kumwagilia zege nilikwenda kupika. Nikajikwaa kwa figa, mahali nilipopita asubuhi na hapakuwa na figa.
Nikachukua tepu. Thelathini na nne.
Nilimwuliza Nyale. Akaapa kwa mama yake. Nilimwuliza Ngala, akakasirika: "Mimi niyasogeze karibu? Nina wazimu? Kila mita inayoingia ni kazi yangu inayotoka!" Hilo ni kweli. Kati ya watu wote, yeye ndiye asiyeweza kufanya hivyo.
Majivu yalikuwa yamesogea pamoja na mawe. Hapakuwa na alama ya kuburuta kwenye udongo, na udongo ulikuwa laini kwa mvua. Kipaa cha makuti nacho kilikuwa juu ya mafiga, miti yake minne imesimama wima, kama iliyochimbiwa siku nyingi.

Jumanne, 13 Mei
Thelathini na nne.

Jumatano, 14 Mei
Thelathini na mbili. Mvua kidogo. Ngala alitaka kuyarudisha. Alifika hatua tano hivi, akasimama, akageuka, akasema atayarudisha kesho. Sasa simwoni mkorofi tena. Namwona mtu mwenye watoto wanne Rabai, anayeogopa mchana kweupe na hana wa kumwambia.

Alhamisi, 15 Mei
Jua kali. Hakuna ndege kwenye kilima hiki saa sita. Nimegundua leo, baada ya wiki sita.
Nimempigia Linet kutoka pale. Alichosema kwanza, kabla ya salamu, ni hiki: "Yule mzee bado anaumwa?"
"Mzee gani?"
"Huyo anayekohoa. Mpe pole. Mwambie atafune tangawizi."
Nilikata simu. Nikakaa chini kwenye majani. Baadaye kidogo nikasema kwa sauti, "Linet anakupa pole." Sijui kwa nini nilisema. Palikuwa kimya. Kisha vile vitambaa shingoni vikapepea, kimoja baada ya kingine, na moshi wa jiko umesimama wima kama kamba.

Jumatatu, 19 Mei
Mvua hakuna. Vyuma vya mnara vimeletwa, vipande vipande, vimelazwa kando ya njia. Upepo ukipita kwenye matundu ya bolti vinatoa sauti, ya chini, kama watu wanaoongea chumba cha pili. Mafiga thelathini na moja.

Alhamisi, 22 Mei
Mvua. Kiponda amempigia Jignesh: Hawe bado yuko Kilifi, anakula kidogo, anauliza habari za moto.

Jumatatu, 26 Mei
Mvua hakuna. Mkaguzi anakuja Alhamisi. Ngala ameniita kando.
"Okoth, wewe ni mtu mzima, nikuambie wazi. Vigango ving'olewe kabla ya Alhamisi, na jiko lirudi. Tuvilaze vizuri, tuvifunike turubali, Kiponda aje avichukue. Utafanya wewe."
"Kwa nini mimi?"
"Mimi ni Mrabai. Nyale ni wa hapa hapa. Sisi tuna nyumba, tuna watoto, hawa wazee wanatujua hadi majina. Wewe ni mtu wa mbali. Hawakujui."
Aliyasema bila ubaya, kama mtu anayegawa kazi kwa mwenye glavu. Nami nikamjibu lililokuwa mdomoni:
"Wananijua. Nimemshika mmoja shingo. Nimewapikia siku kumi na saba."
Ngala akaniangalia. "Basi kesho usije kazini."
"Nitakuwepo," nikasema. "Lakini sitakuwa kazini."

Jumanne, 27 Mei
Nimefutwa kazi. Nimehamisha blanketi langu kutoka kwenye kontena la wafanyakazi hadi banda la Hawe. Linanuka mbuzi na moshi, na ni kavu. Jignesh amesema niendelee kuandika mvua hadi mkaguzi apite, kitabu kisiwe na pengo. Mvua hakuna.
Ngala alikuja mwenyewe na sururu saa nne. Alisimama mbele ya kile kirefu. Kofia mkononi, sururu mkono wa pili. Alikaa hivyo kwa muda wa kuchemsha chai, maana mimi nilichemsha. Nikammwagia mzee kidogo, nikampa Ngala kikombe. Akanywa amesimama. Akarudi na sururu yake.

Jumatano, 28 Mei
Mvua hakuna. Saa sita nilimpigia Linet. Nilitaka kumwambia nimefutwa kazi. Hakuningoja.
"Leo kuzuri huko," akasema.
"Kuzuri vipi?"
"Mzee hakohoi. Anaongea na mwanamke. Wanacheka. Huyo mama ana kicheko cha msichana! Nani huyo?"
Nilikuwa nimesimama, jiko liko nyuma yangu, na nilisikia kuni zikisogezwa ndani zaidi ya moto, kama anavyofanya mpishi chungu kikikaribia kuchemka. Sikugeuka. Nilihesabu hadi mia moja kwa Kijaluo, kama tulivyofundishwa utotoni, ndipo nikageuka. Hakuna mtu. Moto ulikuwa umechochewa. Mafiga yalikuwa upande huu wa vigango, upande wa msingi.
Saa tisa Kiponda akafika kwa pikipiki ya kukodi. Sikumwacha aanze.
"Pole, ndugu yangu. Ilikuwa saa sita?"
"Saa sita kasoro kidogo," akasema. "Nani amekuambia? Huku si hakuna mtandao?"

Alhamisi, 29 Mei
Mvua hakuna. Mkaguzi ni mwanamke wa makamo, amevaa buti, ana kikohozi cha vumbi kilichonishtua aliposhuka garini. Ngala akampokea, Jignesh akamwonyesha ramani. Mimi nilikaa kwenye kigoda cha Hawe, sufuria motoni. Kiponda alikaa kando yangu chini, kwenye mkeka wa msiba.
Nilimsikia Ngala akisema, "Palikuwa na bibi mmoja, madam. Amefariki jana, hospitalini. Kwa hiyo sasa hapaishi mtu." Sauti yake ilikuwa ndogo. Alisema ukweli, na alijua.
Mkaguzi akatutazama, akatazama moshi.
"Na jiko hili?"
Kiponda angeweza kusema, "Ni la marehemu, tunalizima leo." Niliona maneno yamemfikia mdomoni. Ameshatia saini, na yule mtoto aliyezaliwa njiani amezikwa kilima hiki hiki. Akafunga mdomo.
"Nauliza, nani anaishi hapa?"
"Mimi," nikasema.
Ngala akasema, "Huyu ni kibarua wetu, madam."
"Nilikuwa, hadi Jumanne. Nalala banda lile. Napika hapa tangu tarehe kumi. Imeandikwa." Nikampa kitabu hiki. Akasoma akiwa amesimama, anafunua kurasa, na alipofika mahali fulani akapunguza mwendo. Sijui ni ukurasa gani. Akanirudishia, akafuta mikono kwenye suruali.
"Leteni tepu."
Ngala akasimama katikati ya msingi. Mimi nikavuta hadi kwenye figa la mbele. Safari hii tepu ilitosha. Hatukuhitaji shingo ya mtu. Mita ishirini na tisa.
Mkaguzi akaandika. Akamwambia Jignesh, "Sharti ni arobaini na nne, na makazi yanakaliwa. Hapa hapasimami chuma. Tafuteni ng'ambo ya kilima, kule hakuna mtu. Msingi wenu mtaulipia wenyewe." Jignesh akaitikia kwa kichwa. Nilidhani atakasirika, lakini alikuwa anatazama kile kirefu, kama mtu anayesoma.
Kabla ya kupanda gari mkaguzi akaniuliza polepole, "Utakaa hapa?"
"Hadi azikwe," nikasema.

Jumamosi, 31 Mei
Mvua ndogo, ya kutuliza vumbi. Tumemzika Hawe Pola. Kiponda akanipa jembe kabla ya jamaa wengine, nikatupa udongo. Wa kwanza nilitupa kwa ajili yake. Wa pili kwa ajili ya mtu mwingine, wa Ugenya, na hakuna aliyeniuliza.
Ngala alikuja na fulana ya kwaya. Akaimba. Ana sauti nzuri sana, sikujua.

Jumatatu, 2 Juni
Mvua hakuna. Wanahamisha vyuma kwenda ng'ambo. Nyale anasema kule mtandao utashika hadi Vitengeni. Nimefurahi, kweli.
Asubuhi niliamka bandani, nikatoka, nikaenda kwenye jiko kama kawaida, na miguu yangu ikakuta majani matupu. Upande huu wa vigango hapakuwa na mafiga wala majivu. Hapakuwa hata na duara jeusi ardhini. Majani yamesimama kama ambayo hayajawahi kukanyagwa.
Mafiga yalikuwa mlangoni pa banda, hatua tatu kutoka niliposhika mlango, pale Hawe alipoyaanzia. Nilikuwa nimeyapita bila kuyaona. Majivu yamefagiliwa, yamebaridi. Kigoda kimeegemezwa ukutani, kama kwenye nyumba ya mtu aliyemaliza kazi yake akaenda kulala.
Nilipima peke yangu, kitanzi nikikishindilia kwa jiwe. Arobaini na sita.
Saa sita nikasimama pale penye kijiti kimoja nikampigia Linet. Tuliongea kidogo, kisha akanyamaza, anasikiliza.
"Leo uko peke yako," akasema.
Nikasikiliza na mimi. Kimya, na mbali sana jogoo wa mtu.
"Ndiyo. Leo niko peke yangu."
"Basi njoo nyumbani."
Nimekunja blanketi. Kitabu namwachia Jignesh, mvua zake zote zimo.